Uliza Tukujibu: Binti yangu ameshikwa na hoki ya barafu, nifanyeje?

Swali: Habari zenu hapo. Disemba tulimpeleka binti yangu, ana miaka 14, kuteleza kwa ile barafu ya hoteli ya Panari hapa Mombasa Road, na hapo ndio balaa ilianzia. Sasa kila jioni yuko kwa simu yangu anaangalia wasichana wa Kanada na Marekani wakicheza hoki, bando inaisha ovyo. Ananiambia kuna mashindano ya dunia ya wasichana wa rika lake na ati yeye atacheza. Mwalimu wake wa michezo alimcheka mbele ya darasa. Haya mashindano yapo kweli ama ni ndoto za mtoto? Na Mkenya anaingilia wapi?
*Mama Shiru, Imara Daima*

Jibu: Mama Shiru, pole na bando. Mwalimu angenyamaza tu, maana kwa hii mtoto ndio yuko sawa.

Yapo, na si ya jana. Kombe la dunia la wasichana chini ya miaka 18 lilianza 2008 kule Calgary, Kanada, linaandaliwa na shirikisho la hoki ya barafu duniani, IIHF, na kuanzia hapo mpaka 2025 dhahabu ni ya Marekani ama Kanada, hakuna mwingine ameigusa. Karibu zaidi ni Wacheki, 2024 kule Zug, Uswisi, waliwatoa Kanada nusu fainali, watu wakashika vichwa, halafu wakapigwa na Marekani fainali. Lakini hiyo ni divisheni ya juu, timu 8 tu. Chini yake kuna madivisheni mengine, unapanda unashuka kama ligi ya mpira, na humo utawakuta Mexico na Hispania, kwa hivyo mtu asikwambie huu mchezo ni wa watu wa theluji peke yao.

Kenya sasa. Timu ya hoki ya barafu ya Kenya, Ice Lions, imefanyia mazoezi hapo hapo Panari miaka mingi, na 2024 IIHF iliikubali Kenya kama mwanachama mshiriki. Mlango umefunguka kidogo, lakini timu ya taifa ya wasichana chini ya 18 ni safari nyingine kabisa, na shida si kipaji cha Shiru, shida ni hesabu. Tazama vizuri hizo video zake. Kwa barafu wako sita pamoja na kipa, lakini mchezaji anakaa sekunde 45 hivi anakimbia mpaka mapafu yanawaka, anaruka ule ukuta mfupi anakaa kwa benchi huku mwenzake ameshaingia, mchezo hata haujasimama. Ndio maana timu kamili hubeba wachezaji 20 na makipa 2. Sasa niambie mtaani kwenu kuna wasichana wangapi wanaweza kurudi nyuma na skeiti bila kushika ukuta? Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliushika kama makanga kwa mlango wa matatu, nusu saa nzima.

Kinachonipa moyo ni ile hoki ya watatu kwa watatu. Iliingia Olimpiki ya vijana ya majira ya baridi, na Gangwon 2024, Korea Kusini, wasichana wa Hungary ndio walibeba dhahabu. Inatumia watu wachache na uwanja mdogo, na barafu yetu ni ndogo kuliko ule uwanja kamili wa mita 60 kwa 30, kwa hivyo mimi ningekuwa kocha ningeanzia hapo.

Kwa sasa mtafutie viatu vya magurudumu vya mtumba, vile vya magurudumu ya mstari mmoja, ajiunge na wale watoto wanaoskeiti parking za tao Jumapili. Miguu inajifunza karibu kitu kile kile na barafu ya kulipia inabaki ya siku moja moja. Halafu aende na rafiki zake wawili watatu, hiyo ndio kazi kubwa. Na siku ya barafu mbebee soksi za ziada, akianguka mara tano hizo za kwanza zimelowa.

Swali: Nimesikia kile kisahani cheusi wanachopiga huwekwa kwa friza kabla ya mechi. Ni kweli ama ni stori za jaba?
*Kijana wa Kayole*

Jibu: Ni kweli kaka. Kile kisahani ni raba tupu, uzito kama gramu 160 hivi, na kikiwa na joto kinadunda dunda kwa barafu kama mpira wa kawaida. Kikigandishwa kinateleza chini kwa chini. Kikikupata usoni ni kama jiwe, ndio maana kila mchezaji wa chini ya miaka 18 lazima avae helmeti yenye wavu ama kioo cha kufunika uso wote. Mama Shiru, hii nayo isome.