Maswali yenu: Sura ya 364 ndiyo mwisho wa Berserk?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jina moja, Berserk, manga (katuni za Kijapani) ya Kentaro Miura. Nimechagua nne. Kama unaisoma na hujafika juzuu la 41, ruka swali la kwanza, maana siwezi kulijibu bila kutaja kinachotokea humo.

Dada Mhariri, habari za kazi? Mimi na binamu yangu tumenuniana kwa ajili ya Berserk. Anasema hadithi iliishia sura ya 364 kwa sababu ndiyo ya mwisho ya Kentaro Miura, na kwamba anayesoma zilizofuata anamvunjia heshima marehemu. Mimi nimeendelea kusoma, ila roho haijatulia. Tuamulie. – Msomaji, Morogoro

Njema, mdogo wangu. Pole kwa kununiana, ingawa kwa hadithi hii nawaelewa nyote wawili.

Miura alifariki tarehe 6 Mei 2021 akiwa na miaka 54, baada ya mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni kuchanika. Hakusensha, wachapishaji wake, walitangaza msiba tarehe 20 mwezi huohuo. Berserk ilikuwa imeanza kutoka mwaka 1989, kwa hiyo wapo waliokua nayo, wakaoa, wakapata watoto, na bado wakawa wanasubiri sura inayofuata. Siku zile wachezaji wa Final Fantasy XIV, mchezo wa kompyuta, walipanga wahusika wao mistari mirefu kwenye mitaa ya miji ya mchezo ule, kila mmoja amesimama kimya na upanga wake mkubwa, kumuaga mtu aliyetupa Guts, shujaa wa Berserk mwenye upanga kama huo. Nilizitazama picha zile nikalia, wala sioni haya kusema.

Sura ya 364 ilitoka tarehe 10 Septemba 2021 katika toleo la kumbukumbu la jarida la Young Animal. Na hapa kuna jambo ambalo binamu yako analiruka: hata hiyo hakuimaliza peke yake. Wasaidizi wake wa Studio Gaga, watu waliokuwa wakichora naye, ndio walioikamilisha kutoka pale alipoiachia. Kama mkono wa wasaidizi unaharamisha sura, basi 364 nayo ingebidi itupwe, na najua binamu yako hawezi kuitupa.

Hawezi kwa sababu ni sura nzuri mno. Juzuu la 41 liko wazi mezani ninapoandika. Guts na wenzake wamefika kisiwa cha Elfhelm baada ya safari ya bahari iliyowachukua wasomaji miaka mingi. Casca, mpenzi wa Guts, akili zimemrudia, lakini akimtazama Guts usoni, yale ya Kupatwa, usiku ambao Griffith, kiongozi wao wa zamani, aliwatoa kafara wenzake, yanamrudia na mwili unamtetemeka. Ndipo anatokea yule mtoto asiyesema, mwenye nywele ndefu nyeusi, anayewajia usiku wa mwezi mpevu. Casca anamkumbatia kama mama. Kisha, wengine wakiwa wamelala, mtoto anaondoka na Guts anamfuata, na mbele ya macho yake mtoto anageuka kuwa Griffith. Tazama uso huo, usiukimbie. Ni uso wa mtu aliyewatoa kafara wenzake wote, na kwenye macho yake kuna machozi. Mashabiki walikuwa wameshahisi kwa miaka mingi kwamba mtoto wa Guts na Casca na Griffith wanakaa katika mwili mmoja. Miura alilithibitisha kwa machozi hayo, bila mhusika yeyote kusimama na kuhutubia.

Kwa hiyo namwelewa anayetaka kufungia hapo. Ila mimi sikubali kuwa huo ni mwisho, kwa sababu Miura hakuuweka uwe mwisho. Pale ndipo swali gumu kuliko yote linapoanza: Guts, aliyeishi kwa kisasi, atafanya nini akijua kwamba ndani ya adui yake kuna mwanawe? Kumwacha amesimama pale milele na upanga mkononi si heshima kwa Guts wala kwa aliyemuumba.

Sasa Kouji Mori. Huyu ni rafiki wa Miura tangu sekondari, naye ni mchora manga kwa haki yake. Holyland ni ya kwake. Juni 2022, Berserk iliporudi, aliandika kueleza kwa nini amekubali kuisimamia. Karibu miaka 30 nyuma, Miura alipokuwa anakaribia sehemu ya Kupatwa, alimwita aje wajadiliane kidogo. Mori alikwenda bila wasiwasi, akazuiliwa kazini kwa Miura wiki nzima, na katika wiki hiyo akasimuliwa hadithi yote hadi mwisho. Miura hakumsimulia mtu mwingine. Mori akajiwekea masharti mbele ya wasomaji: ataandika yale tu aliyoambiwa, hataongeza nyama za kwake, na asilolikumbuka vizuri hataliandika. Ndiyo maana sura mpya zinatambuliwa wazi kwamba kisa ni cha Kentaro Miura, usimamizi ni wa Mori na uchoraji ni wa Studio Gaga.

Hebu fikiri. Marehemu akimwachia rafiki maneno, na rafiki akayafikisha kwa wafiwa kama alivyoyasikia, bila kutia chumvi, kwetu mtu huyo huitwa mwaminifu. Atakayemnyamazisha ndiye mwenye lawama. Mori angeweza kukaa kimya na asilaumiwe na yeyote. Badala yake amejitwika mzigo ambao kila mwezi una watu elfu wa kumwambia amekosea.

Je, zinalingana? Hapana, na sitakudanganya. Mandhari, mazimwi na magofu yamechorwa kwa mkono uliofunzwa vizuri, mara nyingine siwezi kuona tofauti. Lakini Miura alikuwa anakaa. Angeweza kutumia kurasa nyingi juu ya mtu mmoja anayewaza, na wewe ukawaza naye. Tangu sura ya 365 mambo yanakwenda mbio na maneno ni machache. Guts anamrushia Griffith upanga na haumpati, Casca anachukuliwa, kisiwa kinabomoka. Matukio hayo yangekuwa juzuu nzima ya Miura. Nafikiri ni matokeo ya masharti yenyewe: Mori aliambiwa kinachotokea, hakuambiwa kila wazo lililopita kichwani mwa Guts, naye amekataa kulibuni. Mimi naupenda ukavu huo. Kila panapokuwa na pengo, najua hapo hapakujazwa uongo.

Kuna jambo jingine huwa nalifikiria. Miura mwenyewe alisema wazi kwamba aliathiriwa na Guin Saga, msururu wa riwaya wa Kaoru Kurimoto. Mama huyo alifariki mwaka 2009 akiwa amepita juzuu 100 alizokuwa amezipanga mwanzoni, na hadithi haijaisha. Tangu mwaka 2013 waandishi wengine wanaiendeleza. Basi Berserk imeifuata hata katika hilo.

Mwambie binamu ana haki ya kusimama kwenye 364. Lakini neno "heshima" aliondoe. Na nyinyi wawili kaeni msome 365 hadi 370 kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa zile sita ndizo zinazofunga sehemu ya kisiwa. Zikisomwa moja moja kwa kusubiri zinaonekana nyembamba kuliko zilivyo.

Dadangu, nimesikia kuna sura ambayo Miura mwenyewe aliiondoa. Ni kweli? Na kama ni kweli, yatuambia lolote kuhusu mwisho? – Msomaji, Mombasa

Ni kweli. Ni sura ya 83, ndani ya Kupatwa kwenyewe. Ilichapishwa katika Young Animal mwaka 1996, lakini Miura aliomba isiingizwe kwenye juzuu, kwa hiyo ukisoma juzuu la 13 hutaikuta. Humo Griffith, akiwa katikati ya kugeuzwa, anakutana na kitu kikubwa mfano wa moyo, kinachojitambulisha kuwa ndicho mungu: kimezaliwa na wanadamu wenyewe waliotamani pawe na sababu ya mateso yao.

Miura aliona imefichua mengi mapema mno, na kwamba ingembana huko mbele. Nisisitize hilo, kwa kuwa wengi husema aliifuta kwa sababu aliikana. Kuficha siri si kuikana. Ila mimi siitumii kama ushahidi wa mwisho. Mtu aliyeondoa sura nzima ili abaki huru kuamua, si haki sisi tumfunge na sura hiyohiyo. Kama moyo ule utarudi au hautarudi, anayejua ni yule aliyekaa ndani wiki nzima akisimuliwa, na wiki ile ilikuwa katika kipindi hichohicho cha Kupatwa. Nikiona unatokea kwenye sura za Mori, nitaamini Miura aliutaja.

Mwanangu, mjukuu wangu wa miaka 13 ameomba nimnunulie kitabu hiki cha katuni. Kwa jalada kinaonekana ni cha mashujaa. Kinamfaa? – Bibi, Dodoma

Bibi, shikamoo. Hapana, hakimfai. Ndani kuna mauaji ya kutisha na ubakaji uliochorwa bila kufichwa, na matoleo ya Kiingereza ya Dark Horse yana onyo la watu wazima. Si kitabu kibaya, ni kitabu cha wakubwa. Mwambie hivyo waziwazi, kwamba umri wake bado, badala ya kumwambia ni upuuzi. Watoto wanajua tukidanganya, na atakwenda kukitafuta kwa siri. Umefanya vema kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Dada, sijawahi kuisoma. Nianze sasa au nisubiri iishe kabisa? – Msomaji, Bujumbura

Anza sasa. Mori hajatoa tarehe ya mwisho, na anayesubiri hadithi hii iishe anaweza kusubiri sana. Juzuu la 42, la kwanza lenye sura za baada ya Miura, lilitoka Japani Septemba 2023, kwa hiyo una juzuu 41 zake mwenyewe kabla hujalazimika kuamua lolote kuhusu mabishano ya hapo juu.

Ushauri wangu mmoja: usiihukumu kwa juzuu mbili za mwanzo. Guts anakuwa mkali, mkatili kidogo, na utajiuliza kwa nini watu wanampenda. Mwishoni mwa juzuu la 3 hadithi inarudi nyuma hadi utoto wake, na kuanzia hapo mpaka juzuu la 14 ni kundi la Mwewe, askari wa kukodi walioongozwa na Griffith, pamoja na Casca, na Griffith mwenyewe kabla hajawa alivyo. Tenga muda wa kutosha kwa juzuu la 12 na la 13, na la 14 uwe nalo tayari karibu. Usilifunge la 13 usiku na kujaribu kulala.