Nilikwama kwenye vinu vya upepo

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, ulituhimiza tusome fasihi ya kale. Nimejikongoja mpaka ukurasa wa 90, sioni kinachonijenga. Nakosea wapi?"

Mdogo wangu, hujakosea. Nimekosea mimi niliyekuhimiza bila kukusimulia nilivyoanza. Nilianza kwa uongo.

Enzi hizo nilipenda kutaja vitabu ambavyo sikuvimaliza. Nilichokitaja kuliko vyote ni Don Quixote cha Mhispania Cervantes, maana nani hajasikia habari za yule mzee aliyevamia vinu vya upepo akidhani ni majitu? Siku moja, baada ya semina, nikakitaja tena kwa mbwembwe. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya muda wote, akaniuliza kwa upole, "Na Sancho alipopewa kile kisiwa, unaonaje alivyokitawala?" Nikajibu bila kupepesa: alikivuruga, si alikuwa mtumishi mjinga tu wa kumfuata Don Quixote nyuma na punda! Yule mama hakunisahihisha. Alitabasamu, akageuza kiti chake kidogo, akaendelea kuzungumza na jirani yake.

Afadhali angenicheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kiti kinavyogeuka, masikio yanapata moto.

Nyumbani nikafungua kitabu. Kikaratasi changu kilikuwa sura ya 9. Vinu vya upepo viko sura ya 8! Na kitabu kina sehemu mbili: ya kwanza ya mwaka 1605 yenye sura 52, ya pili ya mwaka 1615 yenye sura 74. Nashuku wengi tunaovitaja vile vinu tulishukia kituo kimoja.

Nikasoma kwa hasira, miezi saba. Sikufichi, kuna sura macho yalikwenda na akili ikalala, hasa zile hadithi ndefu za wapenzi zilizochomekwa katikati ya sehemu ya kwanza. Hatimaye nikafika kisiwani. Sancho, mkulima asiyejua kusoma, anaketishwa kitini aamue kesi. Wanakuja wazee wawili. Mmoja anadai alimkopesha mwenzake vipande kumi vya dhahabu. Mwenzake anasema ameshalipa na yuko tayari kuapa. Kabla ya kuapa anampa mdai fimbo yake amshikie. Anaapa, anachukua fimbo yake, anajiondokea. Sancho anainamisha kichwa, kidole juu ya nyusi na pua, anawaza. Kisha anaamuru mzee arudishwe na fimbo ivunjwe. Dhahabu zikamwagika kutoka ndani.

Huyo ndiye niliyemwita mjinga.

Nilipomaliza nilijisifu kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, ila tabia yangu haikubadilika hata chembe. Hilo lilikuja miaka sita baadaye. Nilikuwa nimepewa uongozi wa kikundi fulani, nikaunogewa, nikaondolewa kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuieleza. (Walionitoa wanajijua.) Usiku mmoja nimekosa usingizi, nikavuta kile kitabu, nikaanguka pale Sancho anapoachia ugavana. Hata wiki mbili hazijaisha. Haombi kiinua mgongo. Anakwenda zizini, anamkumbatia punda wake, anambusu kwenye paji la uso, machozi yanamlengalenga, anamtandika kwa mikono yake. Aliingia hana senti, anatoka hana senti. Wanamuuliza anahitaji nini cha safari. Anataka shayiri kidogo ya punda, na kwake nusu jibini na nusu mkate.

Mara ya kwanza hapo nilicheka. Usiku ule sikucheka. Kulipokucha nilikwenda kurudisha funguo za ofisi ambazo nilikuwa nimezikalia wiki tatu kwa ukaidi mtupu.

Sasa na wewe nisikilize. Huyo Cervantes alikaa mateka Algiers miaka mitano, na sehemu ya kwanza ilipotoka alikuwa na miaka 57. Mtu kavumilia maisha yote hayo ndipo akaandika, halafu wewe unataka akujenge ndani ya kurasa 90? Tumezoea vitabu vinavyotuahidi mafanikio kwa hatua saba, tukikutana na kisichoahidi kitu tunadhani hakina kitu.

Soma kidogo kila siku. Sura moja inatosha. Vita na Amani cha Mrusi Tolstoy, kinachowatisha watu kwa unene, kina sura 361. Sura moja kwa siku, mwaka hauishi umekimaliza. Acha kuhesabu vitabu na kuwatangazia watu idadi, hilo nalisema kama mgonjwa aliyepona, au anayeendelea na dozi. Ukimaliza, kiweke, ishi, ukirudie baada ya miaka. Na soma kidogo kila siku. Najua nimeshasema, nitasema tena, kwa sababu najua hutafanya.

Mimi nimekianza kwa mara ya tatu mwezi uliopita, niko sura ya 31. Yule mama sijaonana naye tena. Nimehudhuria semina tatu za namna ile tangu wakati huo, na kila nikiingia mlangoni huwa natazama kwanza waliokaa kimya.