Kwa mdau aliyerukwa kwenye kupandishwa cheo

Mkuu, nimeusoma uzi wako mpaka mwisho na nimeona nikujibu kwa kirefu, maana jambo lenyewe nimeliishi. Kwa faida ya wanaoingia sasa hivi: mwenzetu yuko kazini miaka mingi, kazi yake haina malalamiko, lakini nafasi ya usimamizi amepewa mtu aliyekuja nyuma yake. Alipouliza, bosi akamjibu aendelee kuwa na mtazamo chanya. Sasa anataka kujua apandeje bila kujikomba, na moyo wa kuamkia kazini autoe wapi. Mwisho ameuliza pia aondoke au abaki.

Hilo jibu la bosi wako sikubaliani nalo. Mtu aliyerukwa ukimwambia awe na mtazamo chanya bila kumwambia amepungukiwa nini, unamwongezea kazi: abebe uchungu, na tena aufiche. Miaka yangu ya kazi, kwanza karani wa stoo na sasa msimamizi, imenionyesha kwamba moyo wa kazi hauji kwa kujisemesha maneno matamu kila asubuhi. Unakuja mtu anapoona kazi yake imesogea. Na kile kinachokuonyesha wewe kwamba kazi imesogea ndicho hichohicho kitakachowaonyesha wakubwa. Ndiyo maana maswali yako mawili ya kwanza nayajibu kwa neno moja: iandike kazi yako.

Nieleze ninachomaanisha. Kazi ya stoo ukiifanya vizuri hakuna anayejua. Mzigo unapokelewa, unapangwa, unatolewa, leja inajazwa, kesho mnaanza upya. Jina lako linatajwa siku ya hesabu tu, pale leja inaposema hivi na rafu zinasema vile. Nilikuwa natoka jioni nimechoka hoi, na ukiniuliza nimefanya nini sina cha kukutajia. Dada mmoja wa uhasibu, aliyenitangulia sana kazini, akanishauri ninunue daftari, na kila siku kabla sijafunga niandike kipi kimesogea, kipi kimekwama na kimekwamia wapi. Mistari michache tu, isiwe insha.

Cha kwanza kilichobadilika kilikuwa moyo wangu. Siku niliyodhani imepotea bure, nikiiandika naona kuna jambo limefungwa: mzigo uliokaa bila hati umepata hati, rafu iliyochanganyika imepangwa. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba hili limechunguzwa. Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard na mwenzake Steven Kramer walikusanya taarifa za kila siku karibu 12,000 kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni 7. Katika siku ambazo watu walikuwa na furaha zaidi kazini, asilimia 76 zilikuwa na hatua fulani mbele katika kazi yenyewe, hata ndogo. Kurudi nyuma kulionekana katika asilimia 13 tu ya siku hizo. Kisha wakawauliza mameneja 669 ni kitu gani kinachowapa watu ari ya kazi. Walioweka kusogea kwa kazi katika nafasi ya kwanza walikuwa asilimia 5 tu.

Hiyo asilimia 5 itazame vizuri, mkuu. Maana yake bosi wako, hata kama ni mtu mwema, huenda hajui kwamba unachohitaji ni kuonyeshwa ulipofika. Atakupa maneno ya kutia moyo akidhani amekusaidia. Usimsubiri. Jionyeshe mwenyewe, kwa maandishi, kila siku.

Cha pili kilichukua muda kuonekana. Nilipolipitia daftari kwa mkupuo, niligundua sehemu ya "kimekwama" inataja jambo lilelile tena na tena: upungufu wetu mwingi ulikuwa unazaliwa wakati wa kubadilishana zamu. Mzigo unatolewa harakaharaka, anayetoka anasema hati itasainiwa baadaye, anayeingia hana habari. Siku ya hesabu wanalaumiana, na wote wawili wanasema kweli. Nikaandika nusu ukurasa kwa mkuu wangu: tatizo liko hapa, linatokea saa hizi, napendekeza makabidhiano ya maandishi na saini za watu wote wawili. Akakubali tujaribu. Hesabu iliyofuata tofauti ilipungua waziwazi, na ile nusu ukurasa ikapelekwa idara nyingine kama mfano. Mtu ambaye kwa miaka alikuwa "yule kijana wa stoo" akawa na jina.

Tumelelewa na methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu, lakini ofisini imewaacha watu wengi wazuri pale walipo. Chema hujiuza pale mnunuzi anapokiona. Bosi mwenye watu ishirini, simu zisizokatika na vikao juu ya vikao haioni kazi yako. Anaona tu kwamba haijamletea matatizo. Leo na mimi hukaa kwenye vikao vya kupendekeza majina, na naweza kukuambia jinsi mambo yanavyokwenda. Jina linatajwa, mtu anauliza, "huyu amefanya nini hasa?" Kama msimamizi wake ana sentensi moja iliyo wazi, mjadala unaendelea. Kama anasema "ni mtu mzuri, hana shida", tunahamia jina linalofuata. Hakuna aliyemchukia. Sentensi haikuwepo. Inaniuma kila mara, kwa sababu najua wengi wa hao ndio wanaobeba idara.

Kwa hiyo kazi yako ni kumpa msimamizi wako hiyo sentensi. Huko si kujikomba, na tofauti yake iko wazi: anayejikomba humsifu bosi, anayeripoti huizungumzia kazi. Kila mwisho wa mwezi mpelekee ujumbe mfupi: "Mwezi huu nimekamilisha hiki na hiki. Hiki kimekwama kwa sababu hii, napendekeza tufanye hivi. Mwezi ujao nitaanza na kile." Basi. Usiweke manung'uniko wala sifa za kujimwagia. Na mwenzako aliyekusaidia mtaje kwa jina. Hilo la kutaja wenzako nalisisitiza, kwa sababu watu wanalijua haraka, na siku ukihitaji msaada wanakuja bila kuvutwa.

Jambo jingine ambalo wengi wanaorukwa hawaambiwi: kuwa hodari katika kazi uliyo nayo hakuthibitishi kwamba utaiweza ya juu yake. Watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa wauzaji wa kampuni nyingi. Kampuni zilipenda kuwapa umeneja wale waliouza zaidi, lakini waliokuwa mabingwa wa kuuza ndio ambao vikosi vyao viliporomoka zaidi chini yao. Waliokuwa na mazoea ya kuuza kwa kushirikiana na wenzao ndio waliotokea kuwa mameneja bora. Usimamizi ni kazi nyingine kabisa, na anayekupima anataka kuona dalili zake kabla hajakupa. Omba kipande chake mapema: kumfundisha mgeni aliyeajiriwa, kupanga ratiba ya zamu, kuongoza kikao bosi akiwa hayupo. Usikubali kubebeshwa kazi za mkubwa kwa miaka bila cheo wala malipo, huko ni kunyonywa. Lakini kipande kimoja chenye mwanzo na mwisho kinatosha kukuweka kwenye macho ya watu.

Kisha nenda kamuulize bosi swali lililo tofauti na lile la kwanza. Usiulize kwa nini ulirukwa, atajitetea. Uliza: "Nafasi kama ile ikitokea tena, ungependa kuwa umeona nini kwangu?" Nyamaza, mwache azungumze, andika. Baada ya miezi kadhaa rudi na karatasi hiyohiyo.

Kuhusu aliyepewa nafasi, najua ni vigumu, lakini mpe ushirikiano wa kweli. Kumkwamisha ni kuikwamisha idara yako, na kila mtu anajua nani ana sababu ya kufanya hivyo. Majungu ya ofisini nayo yakwepe kwa kuondoka tu, bila kuwahubiria wenzako.

Usijifungie kwenye idara yako. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti juu ya watu waliopata kazi mpya kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu, waliobaki walikuwa wakionana naye kwa nadra au mara mojamoja. Sababu inaeleweka: rafiki zako wa karibu wanajua unayoyajua wewe. Habari mpya inatoka kwa yule mnayesalimiana tu. Nafasi yangu ya kwanza ya usimamizi niliisikia kwa mtu wa usafirishaji ambaye hatukuwa na ukaribu wowote, zaidi ya kwamba kila alipokuja kuchukua mzigo alikuta hati zake ziko tayari.

Nikuombe pia ujiangalie afya. Kuna kuvunjika moyo, na kuna kuchoshwa na kazi kulikopindukia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lililieleza hili la pili kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako au kuichukia, na kuona huna uwezo tena wa kuifanya. Lilisema wazi kwamba chanzo chake ni msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Ukijiona humo, daftari peke yake halitakutoa. Omba likizo, punguziwa mzigo, ongea na daktari. Usikubali yeyote akwambie tatizo ni mtazamo wako.

Mwisho uliuliza uondoke au ubaki. Ushauri wangu: fanya haya kwa mwaka mmoja hivi. Kama bosi alikutajia vigezo, umevitimiza, umemwonyesha kwa maandishi, na bado anakwambia uwe na mtazamo chanya, anza kutafuta nje ungali na mshahara. Hilo daftari litakusaidia siku ya usaili, kwa sababu watakapokuuliza umefanya nini hutababaika kutafuta la kusema. Ukishaongea na bosi, rudi hapa utuambie alikujibu nini, tuendelee kutoka hapo.