Jibu: Wagonjwa wanaoitikia "ndiyo" kwa kila kitu kikaoni
Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba wagonjwa wa kisukari mliowaalika hapo Tukuyu ili watoe maoni kuhusu ujumbe wa simu wa kuwakumbusha kliniki wanakubali kila mnachosema. Angalia kwanza ni nani aliyeketi mbele yao. Sisi, katika kijiji kimoja cha Kilolo, tulipomwomba mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo chao cha tiba, atoke atupishe, mama mmoja alifungua pindo la kitenge, akatoa simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira, akasema ni ya mwanawe, na kwamba habari za dawa zake zingesomwa na mtu mwingine kabla hazijamfikia. Ujumbe tuliuandika upya siku ileile. Nauli pia wapeni kabla ya kikao kuanza, wasidhani inategemea majibu yao. Katika hospitali kubwa sijaijaribu njia hii.