Muulize Muuguzi: Siumwi Kitu, ya Nini Kupima?

Shikamoo dada muuguzi. Nina miaka 46, ni fundi umeme. Juzi tulipimwa presha kazini, yangu ikasoma 152 kwa 96. Nilikuwa nimetoka kupanda ngazi mbiombio, kwa hiyo sikuijali. Kichwa hakiniumi, nalala vizuri, kazi nafanya. Marehemu baba alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 58, ingawa hakuwahi kulalamika. Mke wangu ameshikilia nirudi kupima. Mimi naona nikiutafuta ugonjwa nitaupata, halafu niwe mtu wa vidonge hadi kufa. Asiyeumwa apimwe nini?

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuondokewa na baba.

Kuhusu ngazi una haki. Kipimo cha mtu anayehema hakitoshi kumwita mgonjwa, na aliyekupima alipaswa kukuketisha kwanza. Lakini hakitoshi pia kukutangaza mzima. Kinahitaji kurudiwa, na safari hii kwa utaratibu, maana presha inapimwa ovyo mno na jambo hilo linanikera.

Nusu saa kabla ya kupima usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye kazi ya nguvu. Nenda haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne, utulie kimya dakika 5. Mkono uegemee meza, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Kama una mkono mnene, omba mkanda mkubwa, kwani mdogo husoma juu kuliko ukweli. Siku ya kwanza mpimwe mikono yote miwili, na baadaye mtumie ule uliosoma juu zaidi. Usiongee mashine inapofanya kazi. Rudieni baada ya dakika moja au mbili, kisha urudi siku nyingine. Ikiwa katika siku mbili tofauti namba ya juu imefika 140 au kupita, au ya chini imefika 90 au kupita, basi una presha, ngazi au si ngazi. Na siku yoyote ikigonga 180 kwa 120 huku kifua kinabana, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito au macho yanaingia giza, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa hilo la kutoumwa. Mdogo wangu, presha haiumi. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo. Damu inasukuma kuta za mishipa usiku na mchana, kuta zinakakamaa, msuli wa moyo unanenepa, figo zinachoka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopiga kelele. Chukua mfano wa Franklin D. Roosevelt, Rais wa Marekani. Machi 1944 daktari wa moyo alimkuta na 186 kwa 108. Aliendelea kuongoza vita na kusafiri mbali kwa mikutano. Tarehe 12 Aprili 1945 alishikwa na maumivu makali ya kichwa, na saa chache baadaye alikuwa amefariki kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Siku hiyo presha yake ilisoma 300 kwa 190. Namba zake zilijulikana, ila dawa tunazotumia leo hazikuwepo. Kwako dawa zipo.

Naielewa hofu yako, wanaume wengi wananiambia maneno hayohayo. Lakini kipimo hakileti ugonjwa. Kama upo, ulikuwepo kabla ya muuguzi kufunga mkanda, na ukikutwa sasa una nafasi ambayo baba hakuipata. Kwa namba kama zako, kupunguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku (takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa kwenye vyakula vya viwandani), kupunguza kitambi, kupunguza pombe na kutembea kwa kasi jumla ya dakika 150 kwa wiki huweza kushusha presha kwa kiasi kinachoonekana. Huenda ukahitaji kidonge pia. Si aibu, na ukianzishiwa usikiache kwa sababu namba imeshuka, kwa kuwa mara nyingi imeshuka kwa sababu ya hicho kidonge.

Ukienda, omba na sukari, mafuta ya damu, kipimo cha figo na mkojo uangaliwe protini. Namba zote ziandike kwenye daftari lako mwenyewe pamoja na tarehe. Hata ukikutwa salama, kwa historia ya baba yako ningependa upime presha kila mwaka. Nenda na mke wako. Ameshikilia jambo la maana.

Dada, nina miaka 38. Mimba yangu ya mwisho, miaka minne iliyopita, nilipata kisukari cha ujauzito. Nilipojifungua wakasema kimeisha. Sasa nimeona tangazo la kupima "mwili mzima", vipimo zaidi ya thelathini, pamoja na alama za saratani kwenye damu na picha kutoka kichwani hadi miguuni. Nijibane nikafanye?

Hapana. Zile alama za saratani hupanda kwa mambo mengi yasiyo saratani, na huweza kuwa chini hata saratani ikiwepo. Picha ya mwili mzima nayo huokota vijiuvimbe visivyo na madhara, ukaanza kuchomwa sindano na kukosa usingizi bure. Wingi wa vipimo haumlindi mtu.

Kinachonishtua katika barua yako ni hilo neno "kimeisha". Baada ya kujifungua sukari hushuka, lakini hatari ya kupata kisukari cha ukubwani hubaki juu maisha yote. Ulipaswa kupimwa wiki chache baada ya uzazi, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Basi anza wiki hii. Kaa bila kula angalau saa 8 za usiku, upime asubuhi. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita na kurudiwa ikawa hivyohivyo, ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani, na hapo ndipo kuwahi kunapolipa: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu wa kundi hilo waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Wakikupima HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari kwenye damu wa miezi miwili hadi mitatu, waambie kama una upungufu wa damu au selimundu, maana hivyo hupotosha majibu.

La pili ni saratani ya shingo ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10; kwa mwanamke anayeishi na VVU ni kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Mabadiliko huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani, na yakikutwa mapema mara nyingi hutibiwa siku moja, bila kulazwa. Kwenye matiti, ukiona uvimbe, ngozi kubonyea au chuchu kutoa damu, usisubiri ratiba yoyote.

Mwenzangu, nina miaka 64 na kisukari changu kimetulia. Kwa nini kila mwaka naitwa kutiwa dawa ya macho na kuvuliwa viatu? Naona vizuri, natembea vizuri.

Shikamoo kaka. Mishipa ya nyuma ya jicho huanza kuvuja ungali unaona vizuri, na matibabu ya mwanga wa leza au sindano huokoa uwezo wa kuona kuliko yanavyourudisha ukishapotea. Miguu nayo hufa ganzi polepole. Kile kiuzi cha nailoni wanachokubonyeza nacho kwenye nyayo kinatafuta mahali ambapo huhisi tena, ambapo jiwe ndani ya kiatu linaweza kukutoboa usijue. Hakikisha na mkojo wako unapimwa albumini, aina ya protini, kila mwaka. Ile dawa ya macho huleta ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo usiendeshe gari. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.