Kabla ya kuuliza linakwenda kilomita ngapi, uliza litalala wapi

Tangu nianze kuendesha gari la umeme nimegeuka dawati la maulizo. Jirani, shemeji, mtu niliyekutana naye kwenye maegesho, wote huanza na swali lile lile: "Likijaa chaji linafika wapi?" Nami huwarudishia swali: gari lako usiku linalala wapi?

Sikwepi kujibu. Kwa niliyoyaona kwangu, na kwa wale niliowasindikiza kwenda kununua, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mtu atalifurahia gari la umeme au ataliuza kabla hajalizoea. Wengi wetu tumelelewa na mazoea ya kituo cha mafuta: taa ikiwaka unakwenda, unajaza, unaondoka. Gari la umeme ukilitumia kwa mazoea hayo litakuchosha. Lenyewe linakula wakati wewe umelala.

Hebu tupige hesabu. Soketi ya kawaida ya ukutani yenye volti 230, ikitoa ampea 10, inalilisha gari kilowati 2.3. Ni kidogo, na wauzaji wa chaja kubwa watakuambia haifai kitu. Lakini ukichomeka saa tatu usiku na kuchomoa saa moja asubuhi, ukitoa kile kinachopotea kama joto, betri imeingiza uniti 20 hivi. Gari la kawaida la umeme hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Maana yake umeamka na kilomita 100 au zaidi, na watu wengi kwa siku hawafikishi hata nusu yake. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni nzuri ukiwa na uwezo, ila nimeona watu wakiahirisha gari mwaka mzima kwa kuisubiri, na hawakuwa na haja nayo.

Jambo ambalo sitaki ulichukulie kirahisi ni nyaya. Pasi inatumia umeme mwingi kwa dakika chache. Gari linavuta umeme ule ule saa kumi mfululizo, kila usiku. Soketi iliyolegea itayeyuka. Ekstensheni iliyoviringishwa itapata moto ukiwa usingizini. Mwite fundi umeme avute laini ya peke yake kutoka kwenye mein swichi, aweke swichi yake ya kujikata, na apime kama waya wa ardhini unafanya kazi kweli au upo kwa jina tu.

Haya yote yanamfaa mwenye pa kuegesha. Nina rafiki anayekaa ghorofani na kuegesha barabarani. Hela anayo, hamu anayo, na rangi ya gari alishaichagua siku nyingi. Nilimwambia asinunue kwanza. Ungetegemea nimwambie kuna vituo vya chaji ya haraka, na ni kweli vipo, lakini kuishi kwa chaji ya haraka peke yake ni maisha ya foleni. Karibu kila mahali uniti ya pale ni ghali kuliko ya nyumbani, na ile haraka yenyewe ina kikomo: betri ikifika asilimia 80 hivi, gari hupunguza kasi ya kupokea umeme ili kuilinda, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kukuweka pale karibu muda ule ule uliotumia kupata zote zilizotangulia. Kituo cha haraka ni cha safari.

Rafiki yangu alianza na mwenye nyumba, akakataliwa. Nilipomdadisi nikagundua mwenye nyumba hakuwa na chuki na magari ya umeme. Aliogopa kulipia umeme wa mtu mwingine. Woga huo dawa yake ni mita ndogo ya pembeni, na fundi umeme yeyote anaijua. Hata hivyo, chaji aliipata kazini. Gari linasimama pale kwa muda wa saa nane kila siku bila kufanya lolote, na uongozi ulikubali achomeke kwenye soketi ya ukuta wa maegesho kwa makato madogo. Baada ya hapo ndipo akanunua.

Watu hupenda kuitaja Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Ni kweli serikali ilisaidia sana: magari hayo yaliondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001, na misamaha mingine ilianza miaka ya 1990. Lakini kinachosahaulika ni kwamba Wanorway wengi wana mahali pa kuchaji nyumbani, na nchi ile ni ya baridi kali, hali inayopunguza umbali wa betri. Baridi haikuwazuia.

Nirudi sasa kwenye lile swali la umbali, maana najua bado unalo. Namba ya mtengenezaji ipunguze robo ukienda barabara kuu kwa kasi, na zaidi kidogo kwenye baridi kali. Mjini utakaribia namba yenyewe, kwa sababu kila ukipunguza mwendo mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ni kinyume cha gari la mafuta, ambalo foleni ndiyo inayolimaliza.

Panapoumiza watu kwelikweli ni kwenye magari yaliyokwisha kutumika. Hapa naomba usome polepole. Kilomita kwenye dashibodi hazikuambii hali ya betri. Gari lililotembea kidogo katika joto kali, likiachwa limejaa asilimia 100 juani, linaweza kuwa na betri iliyochoka kuliko lililotembea mara mbili yake kwa utaratibu. Chukua Nissan Leaf, lililoingia sokoni mwishoni mwa 2010 na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24, isiyopozwa kwa maji. Ndilo gari la umeme la bei nafuu ambalo wengi hukutana nalo kwanza, na ndilo linalowavunja moyo wengi. Pembeni ya kipimo cha chaji lina mistari 12 inayoonyesha afya ya betri. Wa kwanza ukipotea, betri imeshapoteza asilimia 15 hivi. Tena kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili mistari yote 12 irudi. Ukishalipa na kuendesha kwa muda, inaanza kupotea upya.

Kwa hiyo usinunue kwa macho. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Kwa Leaf programu inayotumika sana ni LeafSpy. Kitakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na tofauti ya volti kati ya seli na seli, yaani zile betri ndogo ndogo zinazounda betri kubwa. Seli moja ikiwa imeachwa nyuma na wenzake, jiandae, maana hiyo ndiyo itakayolizima gari huku dashibodi ikisema chaji bado ipo. Muuzaji akikukatalia kuchomeka, ondoka. Dhamana nayo isome hadi mwisho: kwa kawaida huahidi kwamba kwa miaka 8 au kilomita 160,000 betri haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake, ila mara nyingi haivuki mpaka wa nchi gari lilikouzwa likiwa jipya.

Angalia na plagi. Magari ya Japani ya miaka ile yana CHAdeMO, ya Ulaya yana CCS2, yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T. Ukinunua lisilolingana na vituo vya njia zako, umenunua gari la kuchajia nyumbani tu. Na uliza dashibodi inaongea lugha gani. Nimemwona mtu akiendesha kwa kukariri picha.

Mafundi? Oili ya injini hakuna, klachi hakuna, na pedi za breki zinadumu sana. Tairi ndizo huisha mapema, kwa uzito wa gari. Ila mkataze fundi asiye na mafunzo kugusa nyaya za rangi ya machungwa; hizo zinaweza kubeba volti 400. Na ile betri ndogo ya volti 12 bado ipo: ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa tele.

Kwangu aliyepinga zaidi alikuwa mke wangu. Majedwali yangu ya gharama hayakumgusa hata kidogo. Nikaacha hoja, nikamwachia funguo. Sasa mimi ndiye ninayeomba.

Wapo ninaowaambia wasubiri, na huwaambia bila haya. Huna pa kuchaji nyumbani wala kazini, subiri au chukua haibridi, gari linalotumia mafuta na umeme pamoja. Kila wiki unakwenda safari ndefu kwenye njia yenye kituo kimoja tu cha chaji, subiri. Kituo kimoja kikiharibika hakuna cha pili. Lakini kama safari ndefu ni za sikukuu tu, na gari la mafuta la kuazima au kukodi lipo, hiyo siihesabu kuwa sababu. Ongea na mwenye nyumba wiki hii, na ukienda uwe na bei ya mita ndogo mkononi.