Vipande vya nyama kwenye mtori

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Eliza,

Umeniuliza kama tumwondolee baba yako nyama kabisa, maana umesoma kwamba kupunguza protini huchelewesha figo kuharibika. Siku tatu sasa, kila nikishika kalamu namwona bibi yako.

Unakumbuka alivyougua ukiwa kidato cha pili. Niliambiwa apunguze nyama, mimi nikaondoa yote: nyama, maharage, maziwa, hata yai. Siku moja nikampikia mtori, nikaopoa vipande vyote kabla ya kumpakulia. Akakoroga bakuli kwa kijiko, akakoroga tena, akaniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Miezi michache baadaye khanga ilimzunguka mara mbili. Daktari alipouliza anakula nini, nilimjibu kwa fahari. Akaniambia mwili ukikosa protini hula misuli yake wenyewe.

Chakula hupunguzwa, mwanangu, hakinyang'anywi. Mmenisikia nikisema hivyo miaka yote.

Lakini ulichosoma si uongo. Protini ikitumika mwilini huacha taka, nazo figo ndizo huzitoa. Figo dhaifu ikipunguziwa mzigo hupata nafuu. Mtaalamu wa lishe alitupigia hesabu: gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito. Baba yako ana kilo 70, basi ni gramu 56 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, nyama iliyopikwa ya gramu 100 ina kama 25. Kipande kidogo cha mchana kinaenea humo. Nyama choma ya Jumamosi na wenzake haienei, hilo nimemwambia. Na akifikia kusafishwa damu, Mungu apishe mbali, hesabu inageuka: atahitaji protini zaidi, kwa kuwa nyingine hupotea kwenye kusafishwa huko.

Halafu usiku najiuliza, je, huruma yangu ndiyo itakayommaliza? Mama yangu nilimnyima kwa woga. Huenda baba yako nampa kwa woga uleule. Hapana, huyu tunampimia. Bibi yako sikumpimia, nilimkatia tu.

Jibu langu ninalo, liko mdomoni kabisa. Ila sahani ni ya baba yako, na hujamuuliza yeye. Ukija Desemba kaa naye, umuulize.

Jana nimempakulia mtori wenye vipande viwili. Alivihesabu kwa kijiko, akanitazama, akala.

Mama yako